Ukisema "help" usieleweke: dalili, vyanzo na marekebisho

Kijana mmoja ninayemfundisha Kiingereza nyakati za jioni alikuja darasani na simu mkononi, uso umemshuka. Chuo kimoja cha Uingereza kilikuwa kimeshamkubali, kilichobaki ni barua rasmi ili aanze habari za viza. Barua haikuja. Akawaandikia: "Kindly assist me with my admission letter." Siku nne baadaye akajibiwa, kwa adabu kabisa, aeleze barua yake ina tatizo gani. Akajibu kwamba haina tatizo lolote, yeye anaomba tu asaidiwe hiyo barua. Wakamtumia maelekezo ya jinsi ya kuandika barua ya maombi. Wiki mbili zikaenda hivyo, huku muda wa viza unayoyoma.

Nilisoma mazungumzo yote tangu mwanzo. Hakukuwa na kosa la sarufi hata moja. Upande wa pili nao haukuwa na dharau. Walijitahidi kumsaidia kwa jinsi walivyomwelewa. Tukafuta kila kitu, tukaandika sentensi mbili: "I have not received my admission letter. Could you please send it to me?" Barua iliingia kesho yake asubuhi.

Neno "help" na ndugu zake, "assist", "aid" na "support", ni maneno ambayo mwanafunzi anayapata mapema sana, pengine wiki ya kwanza, na kwa sababu hiyo harudi kuyatazama tena. Akikwama anatafuta kosa penye maneno magumu, kumbe kosa liko kwenye neno alilolizoea. Hapa chini nimezipanga dalili ninazokutana nazo mara kwa mara. Tafuta inayofanana na yako.

Umeomba kitu, ukaulizwa una shida gani

Hii ndiyo ya kijana wangu, na ndiyo inayotuumiza zaidi sisi watu wa Afrika Mashariki.

Sikiliza jinsi tunavyolitumia neno "saidia" kwa siku moja tu. Asubuhi dukani: "Nisaidie sukari nusu kilo." Kwenye daladala: "Konda, nisaidie chenji yangu." Mezani: "Nisaidie hiyo chumvi." Ofisini: "Dada, nisaidie kalamu mara moja." Nairobi utasikia "nisaidie na kalamu". Katika sentensi zote hizo hakuna anayebebewa mzigo. Neno "nisaidie" linafanya kazi ya adabu: linachukua ukali wa "nipe" na kuulainisha. Ni ndugu wa "naomba". Anayeambiwa haulizi "nikusaidie kufanya nini?", anasogeza chumvi.

"Help" haina kazi hiyo. Kwa Mwingereza, anayesaidiwa lazima awe na jambo analolifanya au anataka kulifanya, na anayesaidia anatia nguvu yake humo. Ukimwambia "Help me with the salt", anatazama kichupa cha chumvi akitafuta kazi iliyomo: kifuniko kimekaza? Kimeziba? Ukimwandikia "assist me with my letter", anaelewa barua unayo, na kuna jambo unalihangaikia juu yake. Ndiyo maana chuo kile kiliuliza barua ina tatizo gani. Lilikuwa swali la haki kabisa.

Kipimo ninachowapa wanafunzi ni swali dogo: kufanya nini? Kabla hujaandika "help", jiulize unataka usaidiwe kufanya nini. Kama jibu lipo, yaani kushusha mizigo, kujaza fomu, kutafuta nyumba, basi "help" inakaa: "Could you help me fill in this form?" Kama jibu halipo, na unachotaka ni kitu kitoke kwake kije kwako, achana na "help" utafute kitenzi chenyewe. Maji: "Could I have some water, please?" Namba ya simu: "Could you give me your number?" Risiti: "Could you send me the receipt?" Adabu uliyokuwa unaitafuta kwenye "nisaidie" imo tayari ndani ya "could" na "please". Hujaipoteza, imehamia neno lingine.

Kuna mahali mabadiliko haya yanauma kidogo, nami nawaeleza wanafunzi bila kuficha. Ukimwambia jirani "nisaidie elfu kumi", hujasema unakopa wala hujasema unapewa. Wote wawili mnajua, au mnajifanya hamjui, na heshima ya mwombaji inasitirika. Kiingereza hakikupi sitara hiyo. Lazima uchague: "Could you lend me ten thousand?" ni deni, "Could you give me ten thousand?" ni sadaka. Mtu aliyelelewa kwa Kiswahili anaona aibu kutamka lolote kati ya hayo mawili, ndipo anakimbilia "Please help me with ten thousand." Ataeleweka, kwa kweli, maana pesa inajieleza. Ila mwenzake atabaki hajui kama atarudishiwa, na urafiki mwingine huharibikia hapo.

Sisemi kwamba "kindly assist" ni kosa. Ofisi za Dar es Salaam, Nairobi na Kampala zinaandikiana hivyo kila siku na kazi zinakwenda. Ni Kiingereza chetu, na kati yetu kinatosha. Tatizo linaanza barua inapovuka mipaka kwenda kwa mtu asiyejua kwamba nyuma ya "assist" kuna "nisaidie" ya Kiswahili. Kama umezoea kumalizia barua kwa maneno hayo, yaache, lakini juu yake iweke sentensi inayojibu lile swali: unataka afanye nini, kwa kitu gani, kabla ya lini.

Umewakaribisha watu chakula, wakauliza choo kiko wapi

Nilikuwa kwenye semina ya wakulima, mwenyeji ni mgeni kutoka Ulaya, na mkalimani ni kijana aliyemaliza kidato cha sita. Saa saba mchana meza ya wali na kuku ilikuwa tayari pembeni. Mwenyeji akainyooshea meza mkono akasema kwa furaha: "Please, help yourselves!" Kijana akageuka akawaambia wazee: "Jamani, jisaidieni."

Kimya kikatanda. Akina mama wakatazama chini. Mzee mmoja wa mbele akauliza taratibu vyoo viko upande gani. Kijana alipotambua alichosema alishindwa kuendelea, ikabidi mtu mwingine ashike kipaza sauti. Baadaye nilikaa naye nyuma ya ukumbi. Alikuwa anatetemeka, akirudia kwamba "help" ni kusaidia na "yourself" ni wewe mwenyewe, sasa kosa liko wapi?

Chanzo ni kwamba lugha zote mbili zimechukua umbo lilelile, kujisaidia, zikalipa kazi mbili tofauti za staha. Kiswahili kililichukua kuficha haja ndogo na haja kubwa. Kiingereza kililichukua kumpa mgeni ruhusa ya kuchukua mwenyewe bila kusubiri kupakuliwa. "Help yourself" ya mezani ni "karibu ujipakulie", au kwa kifupi tu "karibuni chakula". Dukani au kwenye hoteli ya kujichukulia, "jihudumie" inafaa. Na mtu akiuliza kama anaweza kutumia kalamu yako ukamjibu "help yourself", umesema "chukua tu".

Kuelekea upande wa pili hatari ni kubwa zaidi. Fikiria bibi wa Kikongo aliyehamia Marekani, amelazwa hospitali, na mjukuu anamtafsiria. Bibi anasema: "Nataka kujisaidia." Mjukuu anamwambia muuguzi: "She wants to help herself." Muuguzi anafurahi, anadhani mgonjwa anataka kujifanyia mambo mwenyewe, anamwachia nafasi. Bibi anabaki kitandani anaumia na kuaibika. Sentensi iliyotakiwa ni "She needs the toilet", na kama muuguzi anahitaji kujua ni haja ipi, "She needs to pass urine" au "She needs to open her bowels". Ukiwa unamtafsiria mgonjwa, hizi zishike kichwani kabla ya kitu kingine chochote. Huko usiseme "short call" wala "long call". Ni maneno tuliyoyazoea shule za Afrika Mashariki, na muuguzi wa Chicago atadhani unataka kupiga simu.

Kuna sumu nyingine ndani ya "help himself". Likiongezewa "to", mara nyingi ni njia ya upole ya kusema mtu amechukua kisicho chake. "He helped himself to the money" maana yake alijichotea pesa bila ruhusa. Mtu anayemtetea ndugu yake kwa kuandika "he was helping himself to some of the group's funds", akimaanisha alijikwamua kwa fedha za kikundi, amemshtaki badala ya kumtetea.

Na "self-help"? Vikundi vya "self-help" vya Kenya, vilivyokua pamoja na harambee, kwa Kiswahili ni vikundi vya kusaidiana au vya kujitegemea. Usiandike kwenye bango "kikundi cha kujisaidia". Watu wanaliandika, na wapita njia wanalisoma.

Umesoma "can't help" na sentensi imekataa kuingia akilini

Maandishi ya chini ya filamu yamejaa jambo hili: mtu analia, na maandishi yanasema "siwezi kusaidia kulia". Mtazamaji anajaribu kuunganisha, anashindwa, anaacha ipite. Mashine za kutafsiri nazo huangukia shimo hilohilo.

"I can't help crying" maana yake siwezi kujizuia nisilie. Machozi yananitoka yenyewe. "I can't help it" ni siwezi kujizuia, au si hiari yangu. "It can't be helped" ni hakuna jinsi, ndiyo imeshakuwa. "Not if I can help it" ni tamko la mtu aliyejifunga kibwebwe: halitatokea nikiwa na uwezo wa kulizuia.

Imekuwaje neno la kusaidia likawa la kuzuia? Zamani "help" ilimaanisha pia kutibu, kuondoa ubaya, kama dawa inavyousaidia ugonjwa kupungua. Hapo ukaribu wake na kuzuia unaonekana: anayeweza kuliondoa jambo baya anaweza pia kulikinga lisitokee. Kiswahili chenyewe si kigeni na njia hiyo. Tunasema "dawa hii inasaidia mafua", na hakuna anayeelewa kwamba inayaongezea mafua nguvu. Wanafunzi wakishaiona sentensi hiyo, "can't help" huacha kuwa fumbo kwao.

Jinsi ya kutofautisha ni kuangalia neno linalofuata. Likifuata jina la mtu au kiwakilishi cha mtu mwingine, ni kusaidia kwa kawaida: "I can't help you", siwezi kukusaidia. Kikifuata kitenzi chenye "-ing", ni kujizuia: "I can't help worrying about her", siwezi kujizuia kuwa na wasiwasi juu yake. Likifuata "but", vilevile ni kujizuia, na kitenzi kinakuja kikavu: "I can't help but worry." Wengine huchanganya yote mawili wakaandika "can't help but worrying", chagua moja. Na ikifuata "myself", "I couldn't help myself", ni nilishindwa kujizuia. Ukiitafsiri hiyo kwa "sikuweza kujisaidia", umerudi kule chooni na tatizo jipya.

Ninasisitiza hili kwa sababu lina uzito mahali pazito. Mama anayemweleza daktari "my son can't help it, he wets the bed" anamtetea mwanawe: mtoto hafanyi makusudi. Mkalimani akisema "mwanangu hawezi kusaidia", daktari wa Kiswahili anasikia mtoto mvivu wa kazi.

Kalamu nyekundu imepita juu ya sentensi yako

Makosa haya hayazuii mtu kueleweka, ila yanamshushia alama kwenye mtihani na heshima kwenye barua ya kazi. Nitayapitia haraka.

Umeandika "I helped to him" au "help for me". Sikio lako limesikia "-ia" mwishoni mwa "saidia", likadhani ni ile ya kauli ya kutendea, kama "andikia" au "pikia", ambayo mara nyingi huzaa "to" au "for" kwa Kiingereza. Sivyo. Neno hili tulilitoa kwenye Kiarabu, "sa'ada". Kwa Kiingereza yambwa, yaani anayetendewa, inakaa moja kwa moja: "I helped him."

Umeandika "He helped me carrying the bags." Baada ya mtu anayesaidiwa, kitenzi kinakuja kikavu au na "to": "helped me carry" au "helped me to carry". Zote sahihi, Wamarekani hupenda zaidi ya kwanza. "Assist" ndiyo inayotaka "in" na "-ing", au "with" na nomino: "assisted me in preparing the report", "assisted me with the report".

Umeandika "many helps", "some assistances", "foreign aids". Kiswahili kina msaada na misaada, hivyo mkono unatafuta wingi. "Help" na "assistance" hazihesabiki. Sema "a lot of help". Mara chache utaona "a help", lakini pale mtu au kitu chenyewe ndicho msaada: "You've been a great help." Kwa "aid" kuwa mwangalifu zaidi. Misaada ya nje ni "foreign aid", bila "s". Ikipata wingi inageuka kuwa vifaa: "teaching aids" ni zana za kufundishia, "hearing aids" ni vifaa vya masikioni vya kusaidia usikivu. Na ikiandikwa kwa herufi kubwa, AIDS, ni ukimwi. Niliwahi kusoma ombi la ufadhili lililojaa "we request aids", na kila mara mwili ulinisisimka.

Unasoma "helped" kwa silabi mbili, "hel-ped". Ni silabi moja tu, na mwishoni inasikika "t": "helpt". Ugumu wake ni konsonanti tatu zilizofuatana mwishoni, jambo ambalo Kiswahili hakina, kwa hiyo ulimi unatafuta irabu ya kupumzikia. Ifanyie mazoezi ndani ya sentensi, ikifuatwa na neno linaloanza kwa irabu, kama "helped us", na "t" itapata pa kushikia.

Ukisoma Biblia ya Kiingereza ya 1611 utakuta "He hath holpen his servant Israel", Luka 1:54. Si kosa la chapa. "Holpen" ni umbo la kale la "helped", leo usiliandike. Humo humo, Mwanzo 2:18, ndimo lilimotoka neno "helpmeet" ambalo wahubiri wetu hulipenda kwenye harusi. Kwenye maandishi yale yalikuwa maneno mawili, "an help meet for him", na "meet" hapo ni kivumishi cha kale chenye maana ya anayefaa, anayestahili. Watu wakayasoma pamoja yakawa neno moja, na baadaye likazaliwa "helpmate". Haihusiani na kukutana. Biblia ya Kiswahili iliipata vizuri: "msaidizi wa kufanana naye".

"God help us": mbona haina "s"?

Mwanafunzi makini hukasirika hapa. Amefundishwa nafsi ya tatu umoja inapata "s", halafu anakuta "God help us" na "so help me God".

Jibu analo kwenye lugha yake. Linganisha "Mungu hutusaidia" na "Mungu atusaidie". La kwanza ni habari, la pili ni dua. Kiswahili kinabadilisha irabu ya mwisho kuwa "-e". Kiingereza kinaiondoa "s". "God helps us" ni habari, "God help us" ni dua. Kiapo cha viongozi wetu Tanzania huishia kwa "Ee Mwenyezi Mungu nisaidie", na Kenya kwa Kiingereza huishia kwa "So help me God". Hayo ni maombi mamoja, na ukishaiona ile "-e", huhitaji kanuni nyingine.

Umechagua ndugu asiye wa familia hiyo

Mwanafunzi kutoka Bujumbura aliniandikia: "Yesterday I assisted a meeting." Nikamuuliza alisaidia nini. Hakusaidia chochote, alihudhuria. Chanzo ni Kifaransa: "assister à" ni kuhudhuria, na waliosoma kwa Kifaransa Congo, Burundi na Rwanda huibeba hivyo mpaka Kiingereza. Neno lenyewe kwa Kilatini lilikuwa kusimama kando ya mtu. Kifaransa kikabaki na kule kusimama, Kiingereza kikachukua kule kumsimamia mwenzako katika kazi yake. Kuhudhuria ni "attend".

Kwa wengine swali ni lini useme "help" na lini "assist". "Help" ni neno la asili ya Kiingereza, la nyumbani na barabarani. "Assist" na "aid" yaliingia kupitia Kifaransa, katika karne zilizofuata utawala wa Wanormani walioivamia Uingereza 1066, na mpaka leo yananukia ofisi. "Help" linafaa karibu kila mahali, hata kwenye barua rasmi. "Assist" halifai kila mahali. Mtoto hamwambii mama yake "assist me with my shoes". Ushauri wangu ni kutumia "help" mpaka uwe na sababu ya kuliacha. Kiwanjani mambo ni mengine: "assist" ni pasi iliyozaa bao, na watangazaji wetu wameshaifanya "asisti" yao wenyewe.

"Support" nayo huchanganywa. Inashikilia kwa muda: "She supports her parents" ni anawatunza wazazi wake, kodi, chakula, dawa, mwezi hadi mwezi. "She helps her parents" inaweza kuwa kuosha vyombo Jumamosi. Kama wewe ndiye unayebeba nyumba nzima, usiandike "help" kwenye fomu ya wahamiaji, unajipunguzia ukweli.

"Can I help you?" imekutisha

Dukani ni ukarimu, sawa na "karibu, nikuhudumie?" Usijibu "Yes, help me." Taja unachotafuta: "Yes, please, I'm looking for a charger." Huhitaji kitu? "I'm just looking, thank you."

Ukiwa umesimama kwenye korido ya jengo la watu, sauti ikashuka na "you" ikakaziwa, maana imebadilika: unatafuta nini hapa? Hata "nikusaidie nini?" yetu, ikitamkwa na mlinzi getini usiku, si ukarimu. Jibu ni lilelile, sema umekuja kwa nani na kwa shughuli gani, na usichukulie kwamba ni ukabila au chuki mpaka uone mengine.

Hatari imekukuta na hujui useme nini

Unapozama, nyumba inapoungua, mtu anapokukaba, ni "Help!" Peke yake, kwa sauti yote. Hakuna anayepiga kelele "Assist!", na "Please help me, sir" ni ndefu mno. Kiswahili kinaita watu, "jamani, nisaidieni!"; Kiingereza kinaliita tendo lenyewe. Rubani ndegeni ana neno lake, "Mayday", linalotamkwa mara tatu. Lilitungwa uwanja wa ndege wa Croydon, London, miaka ya 1920, kutokana na Kifaransa "m'aidez", nisaidieni, na mkataba wa kimataifa wa radio wa Washington ukalipitisha 1927.

Ukipiga 999 Uingereza, au 911 Marekani, wala huna haja ya kusema "help". Aliyepokea simu anajua. Utaulizwa unahitaji nini na uko wapi. Uingereza ni "Ambulance", "Fire" au "Police", neno moja linatosha, kisha anwani. Wanafunzi wangu wanaoondoka kwenda ughaibuni huwa nawaandikisha anwani yao mpya kwenye karatasi, tunaisoma kwa sauti pamoja, namba ya nyumba, jina la mtaa, na ule mchanganyiko wa herufi na tarakimu za posta, mara kumi, mpaka mtu anaweza kuitamka akiwa analia.